Kioo cha gari: kutoka mkono hadi kompyuta, na kwa nini kinagoma hapa Garissa

Wiki hii naweka kando mambo ya hifadhidata na seva, niandike kuhusu jambo ambalo karibu kila mwenye gari hapa Garissa amewahi kulilalamikia: kioo kisichopanda na mlango usiofunguka. Mara nyingi mambo huenda hivi. Kioo kinagoma, mwenye gari anakwenda kwa fundi, fundi anabadilisha mota, pesa inatoka, na baada ya wiki mbili ugonjwa unarudi uleule.

Kazi yangu mimi ni kuandika programu. Katika kazi hii ukitaka kupata kosa haraka, unauliza kwanza programu ilijengwa vipi na ni nani aliongeza nini baadaye. Kwa gari ni vilevile. Kwa hiyo leo ni somo la historia, na mambo ya matengenezo yatafuata humo humo.

Hoja yangu ni moja tu. Tangu kioo kilipoacha kuzungushwa kwa mkono, kila kizazi cha teknolojia kimehamisha hitilafu kutoka sehemu moja hadi nyingine. Haikuisha, ilihama. Ukijua gari lako ni la kizazi gani utajua pa kuanzia, na hutalipia mota ambayo haikuwa na ubaya wowote.

ZAMA ZA MKONO

Wazee wakikusimulia magari ya zamani ya serikali huku Kaskazini Mashariki, watakutajia Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Vioo vya milango yake havikupanda wala kushuka, vilisukumwa kando kwa kidole. Hakuna mota, hakuna waya, hakuna swichi. Kikikwama ulitoa mchanga kwenye reli yake, basi.

Wakati huo eneo hili liliitwa Northern Frontier District na lilikuwa eneo lililofungwa. Mtu wa nje alihitaji kibali kuingia. Baada ya uhuru ikaja vita ya Shifta, na sheria za hali ya hatari zilibaki hadi zilipoondolewa mwaka 1991. Mwaka huohuo kambi ya Ifo ilifunguliwa Dadaab kwa ajili ya wakimbizi kutoka Somalia, na Dagahaley na Hagadera zikafuata 1992. Mashirika ya misaada yalikuja na Land Cruiser za familia ya 70, muundo uliotoka mwaka 1984.

Siku ukipata nafasi, chungulia ndani ya mlango wa Land Cruiser ya namna hiyo, yale matoleo ya kazi. Utakuta mkono wa kuzungusha, ule ambao mafundi wengi huuita winda. Si kwamba vioo vya umeme vilikuwa havijavumbuliwa, maana vilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Ni kwamba gari litakalofanya kazi mbali na fundi hupewa vitu vichache vya kuharibika. Sisi watu wa programu tunalijua hilo vizuri: msimbo ambao haukuandikwa hauna makosa.

MAFUTA NDANI YA MLANGO

Kioo cha umeme kilianza Marekani. Kampuni ya Packard ilikitangaza mwishoni mwa mwaka 1940 kwa magari yake ya 180 ya mwaka 1941. Lakini usidhani kulikuwa na mota katika kila mlango. Umeme uliendesha pampu moja, pampu ikasukuma mafuta kwenye mabomba, na mafuta yakasukuma kioo. Mwaka 1941 Lincoln nayo ikaweka mfumo wa aina hiyo, na Buick wakafuata baada ya Vita Kuu ya Pili.

Hebu fikiria ubaya wake. Mafuta yenye shinikizo yanapita kwenye mabomba membamba ndani ya milango na karibu na viti. Bomba likivuja, kitambaa cha kiti kinaharibika na kioo kinashuka chenyewe. Hiki ndicho kizazi cha kwanza, na ugonjwa wake ulikuwa uvujaji. Mwaka 1951 Chrysler walitoa gari la Imperial lenye vioo vya umeme mtupu, kila mlango na mota yake. Mafuta yakatoka, shaba ikaingia. Hitilafu nayo ikahama kutoka kwenye bomba hadi kwenye waya.

SWICHI MBILI, MOTA MOJA

Hapa nataka tukae kidogo, maana magari mengi yanayozunguka Garissa bado yanatumia wazo hili la tangu miaka ya 1950.

Mota ya kioo ina nyaya mbili. Ukipeleka umeme kwenye waya wa kwanza na kuurudisha kwa wa pili, kioo kinapanda. Ukigeuza, kinashuka. Kwa hiyo kazi ya swichi ni kugeuza njia ya umeme. Swichi ikiwa haijaguswa, nyaya zote mbili za mota zimeunganishwa na athi, yaani bodi ya gari inayorudisha umeme kwenye betri. Ukibonyeza, waya mmoja unaachana na athi na kushika chanya, na ule mwingine unabaki kwenye athi kama njia ya kurudi.

Sasa ongeza swichi ya pili. Dereva anataka kuendesha kioo cha abiria kutoka kwake. Waundaji wengi wa Japani walifanya hivi: nyaya za mota ya abiria zinapita kwenye swichi ya abiria, kisha zinavuka hadi mlango wa dereva, zinaingia kwenye swichi kuu, na athi iko huko. Maana yake, abiria akibonyeza swichi yake mwenyewe, umeme unapita kwenye mota yake halafu unasafiri hadi mlango wa DEREVA kutafuta njia ya kurudi.

Ukielewa aya hiyo umeelewa nusu ya magonjwa ya vioo. Nitoe mfano. Binamu yangu ana gari dogo la Kijapani. Kioo cha abiria wa mbele kilikuwa kinashuka kwa swichi ya abiria lakini hakipandi, na kwa swichi ya dereva hakifanyi lolote. Karakana moja ilikuwa imeshamuuzia mota ya mitumba. Tulipochora njia ya umeme kwenye karatasi mambo yakawa wazi. Mota inashuka, kwa hiyo mota ni nzima. Kinapotakiwa kupanda, njia ya kurudi ni ule waya mwingine, unaokwenda hadi kwa dereva. Huo waya ukikatika, kupanda hakuna, na swichi ya dereva inakufa pande zote mbili kwa sababu yenyewe inauhitaji kwa kwenda na kwa kurudi. Dalili zote tatu zilieleza waya mmoja! Tukaukuta umekatika kwenye mpira wa mikunjo, pale nyaya zinapovuka kutoka bodi kuingia mlango wa dereva. Plastiki ya juu ilikuwa nzima, shaba ya ndani imekatika. Hatukugusa mlango wa abiria kabisa.

Kwenye programu ni jambo la kawaida kosa kuonekana kwenye faili moja na chanzo kiwe faili nyingine. Kioo cha abiria ni hivyohivyo.

LOKI NAZO

Loki za umeme zina historia ndefu kuliko vioo. Scripps-Booth, kampuni ya Detroit, ilikuwa nazo mwaka 1914, zikasahaulika, na Packard wakazirudisha 1956. Loki ni rahisi kuliko kioo: mota ndogo inayopewa umeme kwa muda usiofika sekunde moja, upande huu ifunge, upande ule ifungue.

Mwaka 1982 Renault waliuza gari la Fuego ambalo lilifunguliwa kwa rimoti. Aliyebuni rimoti hiyo ni Paul Lipschutz, na Wafaransa hadi leo huiita plip kutokana na jina lake. Kuanzia hapo kufungua mlango kulianza kutegemea kitu kinachopokea ujumbe na kuamua, si waya na swichi peke yake.

Kwetu huku kuna tawi jingine la historia ambalo halimo kwenye vitabu vya kiwandani. Gari linakuja na loki za kawaida, mwenyewe anataka alamu na rimoti, fundi anaongeza kisanduku chini ya dashibodi na mota za loki za bei nafuu. Mlango wa dereva hupewa mota yenye nyaya 5 (2 za mota, 3 za kukiarifu kisanduku kwamba dereva amefunga au amefungua) na milango mingine nyaya 2. Baadaye mmiliki wa pili anaongeza alamu yake juu ya ile ya kwanza. Viungo vimesokotwa kwa mkono na kuvishwa tepu. Joto linalainisha gundi, tepu inafunguka, na viungo vinabaki uchi. Milango ikijifunga na kujifungua yenyewe usiku, anza kwenye kisanduku hicho kabla ya kulaumu kiwanda.

MAGARI YA JAPANI YANAFIKA

Kenya ilipolegeza masharti ya uagizaji bidhaa miaka ya 1990, bandari ya Mombasa ikaanza kupokea magari ya mitumba ya Japani kwa wingi. Shirika la viwango KEBS, kwa kiwango cha KS 1515:2000, likaweka kikomo: gari lisizidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Sheria nzuri, lakini tazama hesabu yake. Gari linaloshuka Mombasa likiwa na miaka 7 limeshafunguliwa mlango maelfu ya mara, na kila mara nyaya zinazoingia mlangoni zimekunjwa na kukunjuliwa. Halafu linaanza maisha ya pili, miaka 10 au 15 zaidi, kwenye joto ambalo mbunifu wake hakulizoea nyumbani.

Kwa mtu wa Garissa hili lilikuwa geni kidogo. Tulizoea winda na ghafla kila kitu ni kitufe. Hata hivyo si kila kitu kilibadilika. Baadhi ya Probox, gari lililotoka Japani mwaka 2002 na ambalo barabara zetu zinalijua vizuri, zilikuja na winda za mkono, na utasikia madereva wakizisifia kwa hilo.

JUA, VUMBI NA MTO

Mwezi Desemba 2019 ulizinduliwa hapa kwetu mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50. Jua lililowavutia wahandisi wale ndilo linalokausha mipira ya milango. Miezi ya Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 35 kivulini, na ndani ya gari lililofungwa ni zaidi sana. Plastiki ya waya inakauka, mpira unaoshika kioo unakuwa mgumu na kukibana.

Vumbi linafuata. Mchanga mwembamba unaingia kwenye njia ya kioo na kuongeza msuguano. Mota inavuta umeme mwingi zaidi kupandisha kioo kilekile, inapata moto, na kinga yake ya joto inakata. Ndiyo maana kioo kinaweza kugoma saa nane mchana na kupona chenyewe saa tatu usiku. Watu husema gari lina majini. Halina majini, lina mchanga.

Halafu mto. Tana ikifurika, barabara kati ya mji na Madogo inakatika. Ilitokea Novemba 2023, ikatokea tena Aprili na Mei 2024. Gari likipita kwenye maji yanayofika sakafuni, maji yenye matope yanaingia kwenye viungo vya nyaya vilivyo pembeni mwa miguu ya dereva na abiria, na mara nyingi athi za milango zimefungwa hapohapo. Hutaona kitu siku ile. Utaona baada ya miezi miwili au mitatu, kutu ikishakula: kioo kinapanda polepole, loki moja haifungi, taa ya ndani inafifia ukibonyeza swichi.

SWICHI ZILIZOUNGUA

Msidhani haya ni ya barabara zetu tu. Januari 2010 Honda waliita magari takriban 646,000 ya Fit, Jazz na City duniani kote kwa sababu maji yaliweza kuingia kwenye swichi kuu ya vioo na kusababisha moto. Afrika Kusini mtoto alikuwa amefariki mwaka 2009 ndani ya Jazz iliyoshika moto.

Oktoba 2012 ikawa zamu ya Toyota: magari takriban milioni 7.4 duniani, yakiwemo Vitz, Corolla, Camry na RAV4. Chanzo kilikuwa grisi. Kiwandani haikupakwa sawasawa ndani ya swichi kuu ya dereva, swichi ikawa inakwama, na ikiendelea kukwama inaweza kupata moto na kutoa moshi. Oktoba 2015 Toyota waliita mengine takriban milioni 6.5, tena kwa swichi hiyohiyo, mara hii chembechembe za kusagika ziliweza kujikusanya na kuunganisha umeme pasipotakiwa.

Kuna onyo Toyota walilitoa 2012 ambalo ningependa libandikwe kwenye kila karakana. Walisema swichi ikikwama usipulizie mafuta ya kulainisha ya madukani, maana yanaweza kuongeza hatari ya kuyeyuka na kuungua. Hapa kwetu hiyo ndiyo dawa ya kwanza! Swichi ikikwama, kopo la mafuta linatolewa. Tafadhali tusifanye hivyo. Swichi husafishwa kwa dawa maalumu ya viungo vya umeme inayokauka, ikiwa imetolewa kwenye gari na betri imechomolewa, au hubadilishwa. Na gari la mitumba linaweza kuwa lilikosa kufanyiwa marekebisho hayo kabla ya kupanda meli. Nambari ya chasi ndiyo itakayokuambia, ukiitafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji.

KOMPYUTA INAINGIA MLANGONI

Kufikia miaka ya 1980 milango ilikuwa imejaa nyaya kiasi kwamba fungu lilikuwa nene na zito. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza mwaka 1983 kubuni njia ya vifaa vingi kuzungumza kwenye nyaya mbili tu. Mfumo huo uliitwa CAN, ukatangazwa Detroit mwaka 1986, na Mercedes-Benz ya S-Class ya mwaka 1991 ni kati ya magari ya kwanza kuutumia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja mdogo wake, LIN, wa waya mmoja, kwa ajili ya vitu kama vioo na vioo vya pembeni.

Ndugu yangu mwandishi wa programu, huu ni mtandao kamili. Swichi haiwashi mota tena. Swichi inatuma ujumbe, kompyuta ndogo ya mlango inausoma, inaangalia kama kitufe cha kufungia vioo kimebonyezwa, inaangalia ufunguo, ndipo inaendesha mota. Faida ni nyingi. Kioo kinaweza kurudi chini kikigusa mkono wa mtoto. Lakini hitilafu imehama tena. Sasa mota inaweza kuwa nzima, waya mzima, swichi nzima, na kioo kikakataa kwa sababu kompyuta imesahau kioo kinaishia wapi baada ya betri kuchomolewa. Magari mengi ya aina hii hupepesa taa ya AUTO kwenye swichi ya dereva. Dawa kwa kawaida ni kukifundisha upya: washa gari, shusha kioo hadi nusu, pandisha hadi juu na uendelee kushikilia swichi sekunde chache. Kitabu cha gari kitakupa hatua kamili.

Kilichonisumbua ni hiki. Fundi wa zamani aliyekaa chini ya mti na testa yake aliweza kutibu kizazi cha pili chote. Kizazi cha tatu kinadai skana na programu ya mtengenezaji, na hivyo mara nyingi viko Nairobi, karibu kilomita 370 kutoka hapa. Maarifa yamehama pamoja na hitilafu. Lakini mtandao wenyewe bado unapita kwenye nyaya, nyaya bado zinapita kwenye mpira uleule unaokunjwa kila mlango ukifunguliwa, na bado zinahitaji athi. Kabla ya kusafiri kwenda kutafuta skana, fundi wa Garissa bado ana mengi ya kuangalia.

NJIA NINAYOFUATA MIMI

1. Kwanza kitufe cha kufungia vioo kwenye swichi kuu. Usicheke. Kwenye magari mengi kikibonyezwa kinakata vioo vya abiria vyote.

2. Hesabu vilivyokufa. Vyote vinne vimekufa? Angalia fyuzi, rilei na chanya inayofika swichi kuu, kisha athi ya swichi hiyo. Kimoja tu? Chora njia yake, ukikumbuka kwamba njia inaweza kupita mlango wa dereva.

3. Jaribu kwa swichi zote mbili na pande zote mbili, uandike matokeo. Ni majaribio manne, na mara nyingi yanataja waya wenyewe.

4. Usiku, taa ya ndani ikiwa imewashwa, bonyeza swichi. Taa ikififia, umeme unavutwa: shida ni mota iliyokwama, kioo kilichobanwa au kebo iliyoruka. Isipofifia, umeme haupiti: tafuta waya, swichi au athi.

5. Fungua mpira kati ya mlango na bodi, anza na wa dereva. Vuta kila waya taratibu. Unaonyumbuka kama mpira umekatika ndani. Unganisha kwa risasi ya kuchomea, kwa kipande cha waya laini wenye nyuzi nyingi, na kiungo kikae nje ya sehemu inayokunjwa.

6. Usiamini mita ya dijitali peke yake. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 bila wasiwasi, kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana. Tumia balbu ya zamani ya taa kubwa ya wati 55, inayovuta karibu ampea 4.6. Waya mbovu utaifanya iwake hafifu. Lakini balbu hii ni ya nyaya za mota tu. Usiiguse kamwe kwenye nyaya za mawasiliano za kizazi cha tatu, utaua kompyuta.

7. Fyuzi ikikatika usiweke kubwa zaidi wala karatasi ya sigara. Fyuzi inalinda waya usiungue, na mkasa wa swichi zile umeusoma hapo juu.

8. Safisha njia ya kioo kwa maji na brashi, kisha paka silikoni. Mafuta ya injini au grisi yatashika mchanga na kuongeza tatizo.

KWA NINI NIMEANDIKA HAYA

Kuna anayesema kioo kibovu ni jambo dogo, afungue tu mlango. Huyo hajaendesha gari usiku katika barabara zetu. Vizuizi vya usalama ni vingi, na askari anataka kioo kishuke aone nyuso. Dereva anayefungua mlango ghafla gizani kwa sababu kioo kimegoma anamtisha mtu mwenye bunduki.

Pili ni joto. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulipima magari yaliyoegeshwa juani na kukuta joto la ndani linapanda kwa wastani wa nyuzi 22 ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya kupanda huko ni katika nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia sana. Garissa ya nyuzi 36, fanya hesabu mwenyewe, kisha mfikirie mtoto aliyefungiwa ndani na loki iliyokataa. Watoto pia ndio waliofanya Marekani itoe kanuni mwaka 2004 kwamba swichi za vioo zisiweze kufunga kioo kwa mtoto kuziegemea au kuzikanyaga kwa goti. Kama gari lako ni la kabla ya hapo, usiwaache watoto ndani na ufunguo.

Tatu ni maji. Aprili 2024 basi lililokuwa na watu 51 lilinaswa na mafuriko eneo la Arer, karibu na Tula, na wote wakaokolewa. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyechunguza kwa miaka mingi magari yanayozama, anafundisha hivi: fungua mkanda, fungua kioo, toka, na watoto kwanza. Yote ndani ya dakika ya kwanza, kwa sababu vioo vya umeme kwa kawaida bado vinafanya kazi kwa muda mfupi, na mlango hautafunguka maji yakishausukuma. Kinachohitajika ni kioo ambacho kilikuwa kizima kabla ya kufika kwenye maji. Nyundo ya kuvunjia kioo nayo iwepo, lakini jua kwamba katika majaribio ya chama cha AAA cha mwaka 2019 hakuna kifaa hata kimoja kilichovunja vioo vya pembeni vya tabaka mbili vilivyogandishwa pamoja, ambavyo baadhi ya magari mapya yanavyo. Soma maandishi madogo kwenye kona ya kioo chako ujue ni cha aina gani.

Haya, nimeandika mengi leo. Mvua za Aprili na za Novemba huja na kurudi, na Tana haitungoji. Kabla ya msimu ujao tenga nusu saa: pandisha na ushushe kila kioo kwa kila swichi, funga na ufungue kila mlango kwa ufunguo, kwa rimoti na kwa mkono kutoka ndani. Kitakachosita, andika kimesita upande gani na kwa swichi ipi, umpelekee fundi karatasi hiyo. Akikuambia mota imekufa, mwombe akuonyeshe kwanza mpira wa mlango wa dereva.

Mpaka wakati mwingine, safari njema.